Mifupa inavunjika, lakini mtoto hafungiwi ndani

Mtoto akivunjika mfupa mara ya kwanza, watu husema ni ajali. Akivunjika mara ya tatu kabla hajaanza shule, maneno hugeuka. Majirani huuliza nani anampiga, ndugu huanza kunong'ona habari za kurogwa, na mama hujikuta akitakiwa kueleza jambo ambalo hata yeye halielewi.

Kwa baadhi ya watoto hawa, jibu liko kwenye jeni. Wamezaliwa na ugonjwa unaofanya mifupa ivunjike kirahisi, wakati mwingine hata kwa kubadilishwa nepi. Madaktari huuita osteojenesisi imperfekta, au OI kwa kifupi. Ni ugonjwa adimu: inakadiriwa kuwa mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 huzaliwa nao, na hauchagui taifa wala rangi.

Baada ya kupewa majibu hospitalini, mzazi hubaki na swali moja: mwanangu ataishi maisha gani? Wapo watu wanaojulikana duniani walioishi na ugonjwa huu. Ukifuatilia maisha yao, utaona kuwa mifupa yao haikupona. Kilichobadilika ni vitu vilivyowazunguka: kiti, mlango, pedali, na zaidi ya yote, fikra za watu wazima.

Baba aliyetafuta njia

Michel Petrucciani alizaliwa Desemba 1962 katika mji wa Orange, kusini mwa Ufaransa, kwenye familia ya wanamuziki. Akiwa na miaka minne alimwona Duke Ellington akipiga piano kwenye televisheni, akasema na yeye anaitaka. Alinunuliwa ya kuchezea. Aliivunja kwa nyundo, kwa sababu alitaka piano ya kweli. Akapewa ya kweli.

Shida ilikuwa miguu. Petrucciani hakuvuka kimo cha takriban mita moja hata alipokuwa mtu mzima, kwa hiyo hakuweza kuzifikia pedali. Baba yake, mpiga gitaa, alitengeneza kifaa cha kuzirefusha, na kijana akaendelea na mazoezi.

Akiwa na miaka 13 tayari alikuwa akipiga kwenye matamasha. Baadaye alihamia Marekani, akapiga na mpulizaji saksafoni Charles Lloyd na kurekodi na kampuni ya Blue Note. Mara nyingi alibebwa hadi kwenye kiti cha piano, na alipoanza kupiga watu walisahau habari ya kimo chake.

Alifariki New York Januari 1999 kwa maambukizi ya mapafu, akiwa na miaka 36. Amezikwa Paris, katika makaburi ya Père Lachaise, karibu na kaburi la Chopin. Kifo chake kinawakumbusha wazazi jambo moja: kwa wenye OI kali, mbavu na uti wa mgongo uliopinda huweza kuyabana mapafu. Kikohozi na homa ya mtoto huyu si vya kusubiri wiki nzima nyumbani.

Wazazi waliokataa tuzo

Stella Young, mwandishi na mchekeshaji wa Australia aliyezaliwa mwaka 1982, alitumia kiti cha magurudumu. Alipokuwa na miaka 15, mtu mmoja wa mji wao alikwenda kwa wazazi wake kutaka kumpendekeza binti huyo kwa tuzo ya mafanikio. Wazazi walishukuru, kisha wakasema kuna tatizo dogo: hajafanya chochote cha kupewa tuzo. Alikuwa akienda shule, akipata alama nzuri na kusaidia kazi kwenye saluni ya mama yake, kama mabinti wengine.

Young alisimulia kisa hicho jukwaani mjini Sydney mwaka 2014. Hoja yake ilikuwa kwamba jamii huwasifu wenye ulemavu kwa kuamka tu na kutoka nje, na sifa hizo huficha ukweli kwamba hawatarajiwi kufanya lolote. Tabasamu, alisema, halijawahi kugeuza ngazi ikawa njia ya kupitisha kiti cha magurudumu. Yeye mwenyewe akiwa na miaka 14 alikuwa ameshakagua maduka ya barabara kuu ya mji wao kuona yapi yanaingilika.

Alifariki Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 32. Alichowaachia wazazi ni somo la nidhamu ya kawaida: mtoto mwenye OI naye akaguliwe madaftari, apewe kazi za nyumbani anazoziweza, na akikosea aelekezwe kama nduguze.

Msichana aliyeambiwa darasa la nane linatosha

Si kila nyumba ilifungua njia. Ummul Kher wa India alikulia katika makazi duni ya Delhi. Familia yake iliona elimu ya darasa la nane inamtosha. Aliondoka, akapanga chumba, akajilipia masomo kwa kuwafundisha watoto wa jirani.

Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, kisha akafaulu mtihani wa utumishi wa umma wa India wa mwaka 2016, mtihani unaowatoa jasho maelfu kila mwaka. Kufikia hapo alikuwa amevunjika mifupa mara 16 na kufanyiwa upasuaji mara 8. Alifaulu, lakini hakuna mtoto anayepaswa kuchagua kati ya familia na darasa.

Ugonjwa huu pia haulingani kwa wote. Atticus Shaffer, aliyeigiza kama Brick katika tamthilia ya Marekani The Middle, ana aina isiyo kali sana. Doug Herland naye alishinda medali ya shaba ya kupiga makasia kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, akiwa ndiye anayekaa kwenye mashua kushika usukani na kuwaongoza wenzake. Katika nafasi hiyo, mwili mdogo ni faida.

Nini hutokea mwilini

Fikiria nguzo ya zege. Saruji huipa ugumu, nondo huizuia isikatike. Kwenye mfupa, kazi ya nondo hufanywa na protini iitwayo kolajeni. Mwenye OI ana kolajeni pungufu au iliyoundwa vibaya. Kumpa maziwa na dagaa ni vizuri kwa afya yake, lakini lishe pekee haiondoi kasoro hiyo.

Katika aina nyingi za ugonjwa huu, mzazi aliye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha mtoto katika kila ujauzito. Wakati mwingine hutokea upya kwa mtoto ambaye wazazi wote wawili ni wazima. Kumlaumu mama kwa alichokula au alichobeba akiwa mjamzito ni kumwonea.

Dalili nyingine ni weupe wa jicho kuwa na rangi ya bluu au kijivu, meno yanayomomonyoka, viungo kulegea, miguu kupinda, na usikivu kupungua ukubwani. Ukiona mtoto anavunjika mara kwa mara kwa mambo madogo, omba rufaa kwa daktari wa mifupa wa watoto.

Tiba ya kuondoa OI kabisa haijapatikana, lakini msaada upo. Mwaka 1998, madaktari wa Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya watoto 30 wenye hali kali waliopewa dawa ya pamidroneti kwa dripu: mifupa iliongezeka uzito na kuvunjika kulipungua. Vipo pia vyuma vinavyowekwa ndani ya mfupa kuunyoosha na kuuimarisha, pamoja na mazoezi ya viungo.

Nyumbani na shuleni

• Usimnyanyue mtoto kwa vifundo vya miguu unapombadilisha nepi. Pitisha kiganja chini ya makalio.

• Usimbebe kwa kumshika kwapani. Mkono mmoja uwe chini ya makalio, mwingine nyuma ya kichwa na mabega.

• Mvishe nguo pana zinazofunguka mbele. Usivute mkono kuupitisha kwenye shati.

• Mtoto mchanga asikandwe wala kunyooshwa viungo. Kabla ya kumbeba mgongoni kwa kanga, muulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

• Hifadhi barua ya daktari inayoeleza ugonjwa. Itakusaidia zahanati ngeni ikidhani mtoto anapigwa.

• Usimlaze siku nzima ukidhani unamlinda. Mfupa usiotumika huzidi kudhoofika.

• Zungumza na mwalimu mkuu: darasa liwe la chini, atoke dakika chache kabla ya wenzake ili asisukumwe mlangoni, na awepo wa kumbebea mkoba. Haya yote hayahitaji bajeti, na yanaweza kuanza Jumatatu.