Mtoto wa Paka Anafundishika, Tena Anaanza Kujifunza Kabla Hujamleta Nyumbani

Kama unakaa na mtoto wa paka, hebu angalia mikono yako. Mikwaruzo kwenye vidole, vitundu vya meno karibu na kifundo, pengine na soksi iliyotoboka. Watu wengi wakifika hapo wanasema huyu paka mkorofi. Wanamvumilia miezi mitatu minne, halafu siku moja anatiwa kwenye kiroba na kwenda kuachwa sokoni "akajitafutie". Ukiuliza, unajibiwa hivi: paka hafundishiki bwana, si kama mbwa.

Kauli hiyo ilishapimwa zamani sana. Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwanafunzi wa uzamivu wa Columbia, New York (ndiyo, mwanafunzi, mwenzetu kabisa), alichapisha tasnifu yake kuhusu akili ya wanyama. Vifaa vyake vilikuwa masanduku ya mbao, paka wenye njaa na vipande vya samaki. Paka anafungiwa ndani, samaki yuko nje, na mlango unafunguka tu akivuta kitanzi cha kamba au akikanyaga kibao. Mwanzoni paka anahangaika: anakwaruza, anang'ata mbao, anajaribu kujipenyeza, mpaka kwa bahati anaigusa ile kamba. Thorndike alipima muda. Paka mmoja alitumia sekunde 160 mara ya kwanza. Baada ya kurudishwa humo mara ishirini na kitu, alihitaji sekunde 7 hivi.

Sasa, kilichomvutia Thorndike si kwamba paka alijifunza, ni namna alivyojifunza. Muda ulipungua polepole, ukipanda na kushuka. Hakukuwa na ile siku ambayo paka alisimama, akafikiri, akasema "aha!" Kitendo kilichofuatiwa na samaki kiliimarika kidogo kidogo, vingine vikafifia. Aliiita sheria ya matokeo. Ukiielewa hiyo, umeshapata karibu nusu ya ufundi wa kumfundisha paka, maana inakuambia kwamba mwalimu ni kile kinachofuata kitendo, tena kinachofuata papo hapo. Paka uliyemchapa saa moja usiku kwa sababu ya samaki aliyeibiwa saa kumi jioni hajui anachapwa kwa nini. Anachojua ni kwamba wewe, ukija na hizo hatua zako nzito, unauma.

Thorndike alikosea jambo moja hata hivyo: aliamini paka hajifunzi kwa kutazama. Mwaka 1969 Phyllis Chesler alionyesha katika jarida la Science kwamba watoto wa paka waliomtazama mama yao akibonyeza kibao ili apate chakula walijifunza kubonyeza mapema kuliko waliomtazama paka jike wasiyemjua. Ambao hawakutazama yeyote hawakujifunza. Kwa hiyo shule ya paka ina mwalimu, na mwalimu wa kwanza ni mama.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, kwa hiyo turudi nyuma kidogo, kabla mtoto wa paka hajafika kwako.

Anazaliwa haoni na hasikii vizuri. Macho yanafunguka kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi. Hata haja anashindwa kupata mwenyewe, mpaka mama amlambe. Lakini ikishapita wiki ya 2 linafunguka dirisha ambalo watafiti wa tabia wanalihesabu kuwa la thamani kuliko mengine yote: kipindi cha kuzoea viumbe wengine. Yale anayokutana nayo wakati huo anayaweka kwenye fungu la mambo ya kawaida, yaani harufu ya binadamu, kelele za watoto, redio, kuku wa uani. Tatizo ni kwamba kwa paka dirisha hili linaanza kufunga mapema, kwenye wiki ya 7. Kwa mbwa linaendelea mpaka wiki ya 12 au kupita kidogo. Ule msemo kwamba mbwa ni rafiki na paka ana majivuno, kwa sehemu ni suala la kalenda tu.

Katika miaka ya 1980, Eileen Karsh wa Temple University, Philadelphia, alilipima hili kwa njia rahisi. Watoto wa paka wa kundi la kwanza walishikwa na watu kila siku kuanzia wiki ya 3, kundi la pili kuanzia wiki ya 7, kundi la tatu hawakushikwa kabisa. Kushikwa kwenyewe kulikuwa dakika 15 kwa siku. Walioanza mapema ndio waliokubali kukaa mapajani muda mrefu zaidi na kumwendea mtu haraka zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 1967, Collard alikuwa ameona kwamba mtoto wa paka aliyezoeshwa na watu watano haogopi mgeni kama yule aliyezoeshwa na mtu mmoja tu. Basi yule paka aliyezaliwa darini, ambaye ukimkaribia akiwa na miezi mitatu anakutolea meno na kufanya "hsss", hana roho mbaya. Binadamu hakuwemo kwenye orodha yake wakati orodha inaandikwa.

Ukishasoma hapo unaweza kusema, kumbe nimchukue mapema, wiki ya 4 au ya 5, nimzoeze mwenyewe. Hapana! Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Watafiti wa Helsinki waliochunguza taarifa za paka zaidi ya 5,700, wakachapisha mwaka 2017, waliona kwamba paka walioachanishwa na mama kabla ya wiki ya 8 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wakali kwa wageni. Wao wanapendekeza kusubiri mpaka wiki ya 14. Na ukimtazama mama na wanawe wakicheza utaona mojawapo ya mambo ambayo mtoto anayakosa. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu analia, na mchezo unakwisha hapo hapo. Au anang'atwa yeye. Baada ya siku nyingi za namna hiyo anajua kipimo cha meno yake. Ni sheria ya matokeo ileile, isipokuwa hapa badala ya samaki kuna mchezo. Mtoto aliyeondolewa kwa sababu tu "ameshaanza kula dagaa" hajamaliza somo hilo, na mkono wako ndio utakaokuwa daftari lake.

Kwa hiyo mtu mwenye paka aliyezaa ana kazi kubwa kuliko anavyodhani: awaache na mama yao, na awashike kila siku. Watoto wa nyumbani wanaweza kusaidia, mradi wakae chini sakafuni na wasiwakimbize.

Tuseme umeshampata, na anang'ata. Kwanza acha kumchezea kwa vidole. Kidole kinachotikisika chini ya shuka, kwa paka, ni panya. Mfungie kitambaa kwenye kamba, akiwinde hicho (kisha kamba uifiche, maana akiimeza inaweza kumkata utumbo). Akiushika mkono, usiuvute. Windo likivutwa hukazwa zaidi. Ulegeze kabisa, nyamaza, na akiachia ondoka kwa nusu dakika. Mchezo umekwisha, kama ambavyo ndugu yake angefanya. Kumpiga kofi puani kunamfundisha tu kwamba mikono inapigana, naye atajibu. Meno yakiingia na damu ikatoka, hasa kama paka hajachanjwa kichaa cha mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo huitwa wa mbwa lakini paka anaupata na kuusambaza.

Halafu kuna kelele za alfajiri. Paka kwa asili yuko macho zaidi kunapopambazuka na kunapokuchwa, muda wa kuwinda. Saa kumi na moja analia mlangoni, unaamka umenuna, unampa chakula ili unyamaziwe. Hongera, umefundishwa! Na ukiamua kumpuuza, upuuze kweli. Ukivumilia siku tano, ya sita ukaamka, somo alilolipata ni kwamba kulia siku sita kunalipa. Jiandae pia kwamba kelele zitazidi kabla hazijapungua. Kinachosaidia ni kumchosha kwa mchezo wa dakika tano hadi kumi jioni, kisha ale ndipo mlale. Watafiti wa Exeter, Uingereza, waligundua mwaka 2021 kwamba mchezo wa kiasi hicho kila siku ulipunguza kwa asilimia 25 idadi ya wanyama ambao paka walileta nyumbani wamewaua. Kama umemfuga kwa ajili ya panya, taarifa hiyo huenda isikufurahishe.

Choo hakina kazi kubwa, maana kufukia ni silika. Beseni pana lenye mchanga au maranda, mahali patulivu mbali na chakula, na usafi kila siku. Usafi huo una sababu nyingine: vijidudu vya toksoplasma vinavyoweza kutoka na kinyesi cha paka huhitaji siku moja au zaidi ndipo viweze kuambukiza. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo. Na akikosea, usimsugue pua kwenye uchafu. Utakuwa umemfundisha kujificha akitaka kujisaidia, basi.

Somo moja ningependa uanze nalo wiki hii: kuingia kwenye kikapu. Paka wengi hukiona kikapu siku ya kupelekwa kwa daktari wa mifugo tu, ndiyo maana wanatoa kucha. Kiache wazi sebuleni siku mbili tatu. Chukua dagaa wakavu wasio na chumvi, uwavunje vipande vidogo sana. Akikisogelea, mpe kipande papo hapo. Kesho, mpe akitia kichwa. Keshokutwa, akitia mwili mzima. Dakika mbili zinatosha, na uache wakati bado anataka. Akishazoea kukaa ndani, funga mlango sekunde tano, fungua, dagaa. Kisha nusu dakika. Kisha mbebe mpaka barazani na kurudi. Mtoto wa paka akifikisha miezi mitatu anaweza kupata chanjo ya kichaa, na ukiwa umeanza mapema, siku hiyo ataingia mwenyewe akitafuta kipande chake.