Canon au Nikon? Mnunuzi wa kamera iliyotumika aanzie kwenye lenzi

Mpiga picha anayesafiri hadi Nairobi au Dar es Salaam kutafuta kamera ya dijitali iliyokwisha tumika hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine: achukue Canon au Nikon? Jibu limo zaidi katika lenzi kuliko katika kamera yenyewe. Akikosea, hurejea nyumbani na vifaa viwili vizima visivyoelewana, ilhali duka limebaki ng'ambo ya mpaka.

Kamera zinazozungumziwa hapa ni zile zenye kioo ndani, ambacho hupeleka taswira kwenye jicho la mpigaji na kuinuka picha inapopigwa. Mwaka 2018 Canon na Nikon zilianzisha mifumo mipya ya kamera za kazi zisizo na kioo hicho. Kamera kuu za mwisho za mfumo wa zamani, Canon EOS-1D X Mark III na Nikon D6, zilitoka mwaka 2020. Wapiga picha wanaohamia mfumo mpya huuza vifaa vyao vya zamani, na hapo ndipo mwenye mtaji mdogo anapopata nafasi.

Vifungio viwili

Kila kampuni ina namna yake ya kuifunga lenzi kwenye kamera. Canon hutumia kifungio kiitwacho EF, kilichoanza mwaka 1987. Nikon hutumia kifungio F, kilichoanza mwaka 1959. Lenzi ya moja haiingii kwenye kamera ya nyingine.

Adapta haiondoi tatizo hilo. Katika Nikon, umbali kati ya kifungio na sehemu inayopokea picha ni milimita 46.5, katika Canon ni milimita 44. Kwa sababu hiyo lenzi ya Nikon yaweza kuwekwa kwenye Canon kwa adapta, lakini mara nyingi mpigaji atalazimika kulenga kwa mkono. Lenzi ya Canon ikiwekwa kwenye Nikon kwa adapta isiyo na kioo cha kusahihisha, haiwezi kulenga vitu vya mbali.

Mitego ndani ya jina moja

Hatari kubwa zaidi hujificha ndani ya kampuni ileile. Kwa upande wa Canon, lenzi za EF huwa na mota yake ndani, isipokuwa chache za kulengwa kwa mkono, na hufanya kazi kwenye kamera zote za EOS zenye kioo. Lakini lenzi za EF-S, zilizoanza mwaka 2003, zimetengenezwa kwa kamera zenye kihisi kidogo. Haziingii kwenye kamera za Canon zenye kihisi kikubwa, kama vile 5D na 6D. Anayepanga kupanda ngazi baadaye hana budi kulijua hilo mapema.

Kwa Nikon, lenzi za kihisi kidogo, zenye alama ya DX, huingia hata kwenye kamera kubwa, ila kamera hutumia sehemu tu ya kihisi chake. Mtego wa Nikon ni mota. Kuanzia D40 ya mwaka 2006, kamera zake ndogo, kama zile za D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600, hazina mota ya kulengea. Lenzi ya milimita 50 yenye alama ya AF-D ikifungwa humo hupiga picha, lakini hailengi yenyewe. Mpiga picha wa harusi atahisi hasara hiyo maharusi wanapoanza kutembea. Ama atafute lenzi yenye alama ya AF-S, ama achukue kamera yenye mota, kama D90 au D7100.

Kampuni nyingine, kama Sigma na Tamron, hutoa lenzi ileile kwa vifungio tofauti. Jina lililoandikwa mbele halitoshi; kifungio cha nyuma ndicho cha kukaguliwa.

Kabla ya kulipa

Lenzi na kamera zifungwe pamoja palepale dukani, zilengwe kitu cha karibu na cha mbali, kisha picha ikuzwe kwenye skrini. Lenzi imulikwe kwa tochi: nyuzinyuzi nyeupe ndani ya kioo ni dalili ya kuvu, ambayo hustawi penye unyevunyevu.

Hesabu ya miaka ijayo nayo ina uzito. Lenzi za EF na EF-S hulenga zenyewe kwenye kamera mpya za Canon kwa adapta ya kampuni hiyo. Adapta ya Nikon iitwayo FTZ hufanya hivyo kwa lenzi za AF-S, lakini si kwa AF-D.

Kwa ubora wa picha, mifumo yote miwili inatosha kwa harusi, habari na studio. Kinachoweza kuamua ni mfumo unaotumiwa na wenzake mnunuzi mjini kwake, kwani lenzi ya kuazima siku ya dharura huokoa kazi iliyokwisha lipiwa.