Pesa za ng'ambo: Mtaji wa shamba au za kununua unga tu?

WAKENYA wanaofanya kazi ng'ambo sasa huletea nchi pesa nyingi kuliko majani chai, maua na kahawa yakijumlishwa.

Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zinaonyesha kuwa mwaka wa 2004 walituma nyumbani dola milioni 338. Mwaka wa 2024 kiasi hicho kilifika karibu dola bilioni 4.9, na takriban nusu zilitoka Marekani.

Kwa nini watu wanaondoka? Sababu ya kwanza ni ardhi. Shamba la babu limegawiwa wana, kisha wajukuu, hadi kipande kilichobaki hakilishi familia. Ya pili ni uhaba wa kazi kwa vijana waliosoma. Ya tatu iko huko wanakoenda: Ulaya ina wazee wengi na inahitaji wauguzi, ilhali Saudi Arabia na majirani wake hutafuta madereva, walinzi na wafanyakazi wa nyumbani. Mnamo Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba kuhusu ajira ya wahudumu wa afya.

Faida zinaonekana vijijini: karo inalipwa, nyumba za mawe zinajengwa, ng'ombe wa gredi wananunuliwa. Mvua ikikosekana, pesa hizi huokoa familia kwani hazitegemei mavuno ya hapa.

Hata hivyo, kuna gharama. Wazee waliobaki shambani hulazimika kuajiri vibarua, nazo hospitali hupoteza wauguzi. Baadhi ya wanaoenda Ghuba hupokonywa pasipoti au kunyimwa mshahara. Kuna pia familia zinazouza shamba kumlipa ajenti. Kazi ikiharibika, kijana hurudi mikono mitupu na shamba limeenda.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa chochote, hakikisha ajenti ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA). Usiuze ardhi kwa ajili ya safari.

Pili, linganisha ada za kutuma. Anayetuma dola 200 kila mwezi kwa ada ya asilimia 8 hupoteza dola 192 kwa mwaka, yaani zaidi ya Sh24,000. Tangu Januari 2026, Marekani pia hutoza asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje kwa kulipia taslimu. Anayetumia akaunti yake ya benki au kadi ya huko hatozwi.

Tatu, kubalianeni mapema ni kiasi gani cha matumizi na kiasi gani cha kuwekeza, iwe ni mtambo wa kunyunyizia maji, kuku au akiba ya chama cha ushirika. Anayesimamia mradi aweke hesabu na risiti, kwa sababu ndugu wengi wamekosana hapo.

Kandarasi za ng'ambo huisha. Mwenye pesa akirejea, apate mradi unaoendelea, wala si madeni dukani.