Nuru Iliyopotea Njiani

Jioni moja ya kaskazi, jua likiwa limekwisha kuchwa na maji yakianza kujaa katika hori ya Kilifi, tulikuwa tukirejea kutoka nje ya mwamba katika mashua ya rafiki yangu, chombo kidogo cha matanga cha faibaglasi kilichoundwa Uingereza katika miaka ya 1970, chenye urefu wa mita 8 kasoro kidogo na mikuku miwili iwezayo kukisimamisha wima juu ya tope maji yanapokupwa. Taa tulikwisha kuziwasha zote, nasi tulikaa starehe kama watu waliotimiza wajibu wao, hata ilipozuka gizani mashua ya wavuvi ikitujia moja kwa moja, na mzee aliyeshika usukani akalazimika kuugeuza kwa nguvu hata tanga lake likapigapiga. Alipokuwa akitupita ubavuni alitumulika kwa tochi, akatuuliza kwa sauti kubwa, "Hiyo ni taa au ni sigara, nyie?"

Tulitahayari, maana hatukuwa na jawabu. Balbu ilikuwa mpya. Rafiki yangu alikuwa ameinunua na kuitia kwa mkono wake juma lile lile. Ila nilipotambaa hadi omo kuitazama niliona kwamba yule mzee hakutuonea: nyuma ya kioo chekundu palikuwa na chembe ya nuru tu, mfano wa kaa la moto lililokwisha kufunikwa na majivu.

Watu wengi waliozoea gari hudhani kwamba taa ya chombo ni ya kumwonyesha nahodha njia, ilhali kazi yake hasa ni kumwambia mtu mwingine wapi ulipo na wapi unakokwenda. Serikali ya Uingereza ilizilazimisha meli zake za moshi kuchukua taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia tangu 1848, na vyombo vya matanga vikafuata miaka kumi baadaye. Leo karibu mataifa yote hufuata Kanuni za Kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini, ambazo zimeipimia kila taa pembe yake. Nyekundu na kijani kila moja humulika digrii 112.5, kuanzia mbele kabisa hadi nyuma kidogo ya ubavu, na nyeupe ya tezi humaliza digrii 135 zilizosalia, hata atazamaye kutoka popote asikose kujua chombo kimemwelekezea uso, ubavu au mgongo. Chombo cha urefu usiofika mita 12 hutakiwa taa zake za ubavuni zionekane kutoka umbali wa maili moja ya bahari, na ile ya tezi maili mbili. Chombo cha matanga kisichofika mita 7 kimehurumiwa: kikishindwa kuweka taa hizo, yatosha kuwa na tochi au fanusi nyeupe tayari mkononi, ya kuonyeshwa mapema kabla ya hatari. Yule mzee, basi, kwa tochi yake, yamkini alikuwa ndani ya sheria. Sisi na taa zetu ndio tuliokuwa nje yake.

Asubuhi yake tulimwita fundi mmoja wa Takaungu, aliyejifunzia kazi yake katika umeme wa magari. Hakugusa balbu. Alichukua mita yake, akaweka ncha zake kwenye betri, akasoma voliti 12.6, kisha akaenda omo, akazigusisha ncha zile zile kwenye taa iliyokuwa ikiwaka, akasoma 10.4. "Voliti mbili na zaidi zimekufa njiani," akasema, "na nyinyi mnamlaumu mfu wa mwisho." Tofauti hiyo huonekana ndogo kwa asiyejua tabia ya balbu ya zamani, ambayo hutoa nuru kwa kupashwa moto waya mwembamba mpaka ung'ae: umeme ukipungua kidogo, joto hupungua, na nuru huporomoka kwa kasi kubwa kuliko umeme wenyewe. Kwa upungufu huo wa takriban sehemu 17 katika 100, balbu yetu mpya ilikuwa ikitoa nusu tu ya nuru iliyouzwa nayo.

Ndipo ulipoanza msako, nami nakiri kwamba sijawahi kuona kazi chafu yenye ladha kama ile. Tuliufuata waya kutoka betri, ukapita nyuma ya makabati, ukazama chini ya kitanda cha mbele, ukatokea katika kile kijumba cha omo kinamowekwa mnyororo wa nanga, yaani mahali ambapo kila nanga ing'olewapo hurudi na ndoo nzima ya maji ya chumvi. Na hapo hapo, katika pahala pabaya kuliko pote chomboni, mtu fulani wa miaka iliyopita alikuwa ameunga nyaya mbili kwa kuzisokota kwa vidole na kuzizungushia utepe mweusi. Fundi alipoufumua utepe huo lilimwagika vumbi la kijani. Akakata waya kwa koleo, akachuna ganda lake, akatuonyesha shaba nyeusi kama mkaa. Akarudi nyuma shibiri moja, akakata tena, ikawa nyeusi. Akarudi shibiri nyingine, nyeusi vile vile. Chumvi ilikuwa imepanda ndani ya ganda kama mafuta yapandavyo katika utambi. Jambo la kutisha zaidi lilikuwa karibu na betri: waya wa pampu ya ngama ulikuwa umefungwa moja kwa moja bila fyuzi. Betri ya gari au ya mashua, hata ikiwa kuukuu, inaweza kutoa mamia ya ampea nyaya zake zikigusana, na waya usiokuwa na fyuzi huwa mwekundu katika muda wa kupiga chafya, ndani ya chombo cha faibaglasi chenye mvuke wa petroli uliolala ngamani.

Hapa rafiki yangu alitoa shauri ambalo naamini wenye mashua wengi wangelitoa: kwa nini tusitie balbu za LED, ambazo hazili umeme, tukaacha waya ulivyo? Na kusema kweli hila hiyo ingefaulu, nayo ndiyo hatari yake. Taa nzuri ya LED ya baharini ina kirekebishi ndani yake, ikaridhika na voliti 10 kama inavyoridhika na 14, ikawaka vizuri juu ya waya mgonjwa, na kuuficha ugonjwa huo mpaka usiku ambao kiungo kile kingekatika kabisa, aghalabu usiku wa pepo na mawimbi, maana ndio usiku unaotikisa nyaya.

Basi tulianza na waya. Fundi alitaka ule wa nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi umepakwa bati, kwa kuwa bati huizuia chumvi kuila shaba, na nyuzi nyingi hustahimili mtikisiko ambao waya wa nyumbani, ulio uzi mmoja mnene, hauwezi. Bei yake ni kubwa, na dukani walituangalia kama watu waliopotewa na akili. Kuhusu unene tulipiga hesabu: kutoka betri hadi omo, kwa kufuata mizunguko ya waya, ni mita 8, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, ni mita 16; waya wa milimita 1.5 za mraba ungepoteza sehemu 16 tu katika mia za voliti moja kwa balbu ya wati 10, na kwa LED ya wati 2 upotevu huo haufiki hata sehemu 4. Waya mwembamba zaidi ungetosha kwa umeme, ila usingetosha kwa mateke ya mabaharia.

Katika jambo moja ujuzi wa gari ulikuwa karibu kumponza fundi wetu. Garini bodi zima la chuma ndilo njia ya umeme kurudia, kwa hiyo alikwisha kutafuta chuma cha karibu cha kufungia waya hasi. Tulimzuia. Chomboni kila taa hupewa waya wake wa kwenda na wa kurudi, kwani umeme uliotoroka katika maji ya chumvi hula vyuma vilivyo majini. Na katika vyombo vya mbao, kama majahazi yetu, balaa ni mbili, maana umeme huo huzalisha magadi kandokando ya misumari na kuilainisha mbao hata msumari ukang'oka kwa mkono. Naye alitufundisha la kwake: viungo vyote tuvibane kwa vishikizo vya shaba na koleo maalumu, tuvivishe mpira usinyaao kwa moto wenye gundi ndani, wala tusivilehemu, kwa sababu risasi huugandisha waya, nao hukatika pale pale ugumu unapokoma. Kiungo cha omo kilihamishwa ndani, mahali pakavu. Kila waya ulipata fyuzi yake, na fyuzi kuu ikawekwa shibiri moja tu kutoka betri.

Baada ya hayo ndipo LED zilipopata haki ya kuingia. Taa za zamani, ya omo na ya tezi, zilikula wati 20 pamoja, ambazo kwa usiku wetu wa saa 12 ni ampea-saa 20. Betri yetu ilikuwa ya 80, na betri ya risasi haifai kuteremshwa chini ya nusu, kwa hiyo usiku mmoja ulimaliza nusu ya kilicho halali. Taa mpya hula 4 kwa usiku huo huo, na paneli ndogo ya jua huzirudisha kabla ya adhuhuri.

Lakini LED nazo zina ujanja wao. LED nyeupe kwa asili ni ya buluu, ile ambayo iliwapatia wazaliwa wa Japani Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel mwaka 2014. Hupakwa unga wa manjano ili macho yetu yaione nyeupe, na wekundu ndani yake huwa haba. Ukiiweka nyuma ya kioo chekundu, kioo huzuia karibu kila ilichonacho, ukapata nuru dhaifu. Nyuma ya kioo chekundu hutakiwa LED nyekundu, na nyuma ya kijani ya kijani, au, lililo aula, ununue taa nzima iliyotengenezwa na kupimwa kwa LED. Pia baadhi ya zile rahisi huisumbua redio ya VHF: tulijaribu moja ya bei ya chini, na chaneli ya 16 ikajaa mkwaruzo kila tulipoiwasha. Ilirudi dukani siku hiyo hiyo.

Usiku wa tatu tuliwasha taa zote, tukashuka katika mtumbwi, tukaanza kuizunguka mashua yetu polepole kwa kasia, fundi akiwa ameketi mbele na dira mkononi. Tuliona kijani, tukaona nyeupe ya tezi ikichukua zamu yake nyuma ya ubavu, tukaona nyekundu, tukarudi omo. Hapo fundi akatuambia tusimame. Tulikuwa tumekwisha kuvuka mbele ya chombo kuelekea upande wa kijani, na nyekundu bado ilikuwa inatutazama, jambo ambalo lingemdanganya kila atujiaye. Taa ilikuwa imefungwa kombo, vidole viwili tu. Asubuhi akalegeza skrubu mbili, akakata kipande cha kandambili iliyookotwa ufukoni, akakisukuma chini ya ukingo mmoja wa taa, akakaza, kisha akataka tumpeleke tena mtumbwini magharibi ikiingia.