Kipimo cha Homoni na Ugonjwa wa Rh

Mama mjamzito afikapo kliniki mjini Bariadi, miongoni mwa vipimo anavyostahili ni kundi la damu na alama ya rhesasi, yaani Rh. Katika Afrika Mashariki wasio na alama hiyo, waitwao Rh hasi, ni yapata 3 hadi 5 kati ya watu 100. Ulaya hufikia 15. Uchache huo una hatari yake, maana jambo lisiloonekana mara kwa mara husahaulika upesi.

Mama wa Rh hasi akichukua mimba ya mtoto wa Rh chanya, damu ya mtoto huweza kuingia katika damu yake, hasa wakati wa kujifungua. Mwili wa mama huiona kuwa ngeni, ukatengeneza kingamwili za kuiangamiza. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Wa pili, akiwa naye Rh chanya, kingamwili hizo hupenya kondo la nyuma na kuvunja chembe zake nyekundu. Hupungukiwa damu, huvimba, na pengine hufia tumboni.

Daktari atajuaje hali ya mtoto asiyeonekana? Katika miaka ya 1960 na 1970 tumaini liliwekwa katika homoni iitwayo estrioli. Utengenezaji wake huanzia katika tezi zilizo juu ya figo za mtoto, hupitia katika ini lake, na kukamilishwa na kondo. Kisha hutoka katika mkojo wa mama. Ilidhaniwa, basi, kwamba estrioli ikipungua mtoto yu taabani. Mama alitakiwa kukusanya mkojo wote wa saa 24, kazi ambayo mkulima wa pamba wa Itilima asingeiweza kwa urahisi.

Hata angeiweza, isingemfaa sana. Katika ugonjwa wa Rh kondo lenyewe huvimba na kukua, hata homoni zake huweza kuwa nyingi huku mtoto akididimia. Estrioli nayo mara nyingi ilionekana ya kawaida mpaka mtoto alipokaribia kufa. Hivyo madaktari waliegemea njia ya A. W. Liley wa New Zealand, aliyeonyesha mwaka 1961 kwamba umanjano wa maji ya chupa ya uzazi hueleza ukali wa ugonjwa. Baada ya mwaka 2000 sindano ya kuchota maji hayo imeachwa kwa sehemu kubwa: mawimbi ya sauti hupima mwendo wa damu katika mshipa wa ubongo wa mtoto, kwa kuwa damu iliyopungukiwa chembe hukimbia zaidi.

Kinga ilipatikana mwaka 1968, ilipoanza kutumika sindano ya anti-D. Mama wa Rh hasi ambaye hajatengeneza kingamwili hudungwa katika muda wa saa 72 baada ya kumzaa mtoto wa Rh chanya, au mimba ikiharibika, ili chembe za mtoto ziangamizwe kabla mwili wake haujazitambua. Saa hizo huanza kuhesabiwa mtoto anapozaliwa, awe amezaliwa hospitali au nyumbani.