Dirisha lililopinda: Usizibe pengo kwa mkupuo mmoja

KAMPALA. Mvua za Machi hadi Mei huyaumbua madirisha mengi ya jiji hili. Maji hupenya pembeni mwa fremu, huteremka ukutani na kuloanisha magunia ya maharage au marobota ya mitumba yaliyoegemezwa chini. Mfanyabiashara aliyekwenda Busia siku tatu hurudi na kukuta hasara. Mara nyingi kosa si la kioo wala la bati, bali la plasta iliyopasuka kwenye pande za dirisha.

Sababu inaeleweka. Matofali mengi ya kuchoma hufinyangwa kwa mkono, hivyo hayalingani. Fremu ya chuma huchomelewa kwingine, kwa mfano Katwe, na kuletwa ukuta ukiwa umeshasimama. Tundu huachwa kubwa kuliko fremu, na wakati wa kuziba, upande mmoja unahitaji plasta ya sentimita 1 na mwingine sentimita 4. Mwenye haraka hujaza zote kwa mkupuo mmoja. Plasta nene hushuka kwa uzito wake kabla haijashika, kisha husinyaa na kupasuka.

Kazi hii, ambayo Tanzania huitwa kupiga lipu, mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe akigawa tabaka kwa siku tofauti.

Anza na fremu. Itikise. Ikicheza, ishikize kwanza ukutani kwa saruji, kwa sababu plasta haizuii mwizi. Gonga plasta legelege kwa tindo, futa vumbi, kisha lowesha ukuta bila kuacha maji yakitiririka.

Teremsha timazi kutoka kona ya juu. Kwenye uso wa ukuta wa chumba, bana ubao ulionyooka kwa vibanio vya nondo, ukingo wake ukiwa pale kona mpya itakapokuwa. Sasa una miongozo miwili, fremu na ubao. Plasta itajaa katikati yake, na ukuta uliopinda hautakupotosha tena.

Palipo na shimo la zaidi ya sentimita 3, jaza kwa vipande vya tofali na saruji, uache hadi kesho yake. Tabaka la kwanza changanya ndoo 1 ya saruji kwa 4 za mchanga, unene usizidi sentimita 1.5. Likwaruze kwa msumari kabla halijakauka ili tabaka linalofuata lishike. Siku inayofuata, piga la pili la ndoo 1 kwa 5, jembamba zaidi, na ulisawazishe kwa kipande cha ubao kinachopita juu ya miongozo yote miwili. Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja. Vaa glavu, maana saruji mbichi huunguza ngozi.

Upande wa nje, kizingiti cha chini kiinamie nje ili maji yasirudi ndani. Plasta isigande moja kwa moja kwenye chuma. Acha mfereji mwembamba, uje kuuziba kwa silikoni. Nyunyizia maji kila siku kwa siku 7, na rangi isubiri mwezi mmoja.

Mchanga nao uchunguzwe. Tia kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie. Ukiona tabaka nene la tope juu, usiununue, hata ukiambiwa ni wa ziwa kutoka Lwera.

Kuhusu saruji, anayevuka mipaka ana nafuu. Kiwango cha EAS 18-1 ni cha Afrika Mashariki nzima, kwa hiyo mfuko wa 32.5 unaofaa plasta una maana ileile Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Tafuta alama ya UNBS, KEBS au TBS. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inazitaka nchi wanachama zitambuliane alama hizo. Lakini alama haikingi mvua ya safarini. Bonyeza mfuko, na ukihisi mabonge magumu, uache dukani.

Gharama ya dirisha moja ni saruji, mchanga na siku chache za kungoja. Robota moja lililoota ukungu hugharimu zaidi.