Vespa Iliyopambwa Kama Bibi Harusi

Leo naungama kosa langu hadharani, kwani huenda likamwokoa mwenzangu.

Wengi wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, tulijua vespa kabla ya kujua gari. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na tena chombo hiki kina adabu zake. Mbele ya dereva pako wazi, hakuna tangi la kurukwa kwa mguu, kwa hivyo mwenye kanzu hukaa kama aliyeketi kitini, na mwenye buibui hupanda nyuma yake bila taabu. Mhandisi wa ndege Corradino D'Ascanio, aliyeichora kwa kampuni ya Piaggio kule Italia mwaka 1946, hakupenda pikipiki kwa kuwa minyororo yake huchafua nguo. Kanzu ya Ijumaa hakuijua, lakini aliitendea wema! Vespa maana yake ni nyigu. Mwaka 1948 akatoka mdogo wake wa magurudumu matatu, Ape, yaani nyuki, ambaye sisi twamwita tuktuk.

Yangu ni PX 150 niliyoirithi kwa ami yangu. Mwaka mmoja, Ramadhani ikielekea ukingoni, nikaingiwa na wazimu wa mapambo. Nikatia vioo sita, kioo kikubwa cha kukinga upepo, keria mbele na nyuma, shada za rangi mikononi, na honi mbili. Watoto wa mtaani wakaizunguka kama wanaotazama bibi harusi, nami kichwa kikavimba.

Idd Mosi tukavuka Likoni, mimi na mke wangu, kwenda kuwapa wakwe mkono wa Idd kule Tiwi. Keria ya nyuma ilibeba kapu la mikate ya sinia na halua, na usukani niliuhisi mwepesi mno, kama gurudumu la mbele halitaki kukanyaga chini. Hatujafika Waa, injini ikalia kama mtu aliyekabwa koo, kisha gurudumu la nyuma likafunga ghafla. Nikabana klachi kwa nguvu zote. Hilo ndilo lililotuokoa, kwa uwezo wa Mola, kwani gurudumu likaachiliwa tukaserereka hadi kando. Nyuma yetu palikuwa na matatu.

Mke wangu hakusema neno. Alikung'uta vumbi kwenye buibui, akakaa chini ya mwembe.

Fundi alipofungua silinda, pistoni ilikuwa imechanika mikwaruzo ubavuni. Vespa za namna yangu hazina tangi la oili la peke yake. Oili huchanganywa na petroli, na ndiyo hiyo hiyo inayolainisha pistoni. Ikipungua, pistoni hupata moto, hutanuka na kung'ang'ania silinda. Mimi nilikuwa nikiimimina kwa jicho tu! Kipimo chake ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na oili yenyewe iwe ya injini za aina hii, si ya gari. Sasa napimia kwa chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye alama ubavuni, nikachanganya ndani ya debe na kutikisa kabla ya kumimina tangini.

Tangu hapo kila Alhamisi baada ya Alasiri naitoa barazani. Nafungua plagi nikaitazama mdomo: ikiwa rangi ya kahawa ya maziwa, mambo sawa, ikiwa nyeusi ya mafuta, inakula kupita kiasi, ikiwa nyeupe, inapata moto, usiende mbali. Waya za klachi na breki nazitia tone la oili. Upepo wetu wa chumvi ni adui, kwa hivyo naiosha kwa maji matamu, na mipira ya pale pa kuwekea miguu naiinua, maana kutu huanzia chini yake ambako jicho halifiki. Vipele vyake navisugua kwa msasa na kuvipaka rangi siku ile ile.

Na mapambo? Vimebaki vioo viwili, keria ndogo ya nyuma isiyobeba zaidi ya kapu jepesi, kitambaa cha kiti alichokishona mke wangu, na gurudumu la akiba, ambalo kwa vespa hufaa mbele na nyuma. Kofia ngumu tunazo mbili. Yangu ya vito husafiri ndani ya kisanduku cha mbele mpaka nifike msikitini. Shada nimempa mpwa wangu azitie kwenye baiskeli.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo, mke wangu alisimama mlangoni, mkono kiunoni, hapandi.

"Ushapima?" akaniuliza.

Nikamwonyesha ile chupa ya mtoto. Akaitazama, akaipeleka karibu na mwanga, ndipo akapanda. Hata leo huniuliza vivyo hivyo.